Mkono wa Nyanya si Mtupu

Neno ninalotaka kusema leo litawachoma wengine. Na liwachome. Kidonda kisichoguswa hakioshwi, na kisichooshwa hakiponi.

Piteni siku ya Jumapili jioni katika mitaa yetu ya Uvira, kuanzia Kavimvira karibu na mpaka wa Burundi hata kufika Kalundu bandarini. Endeleeni na njia ya ziwa, Makobola, Swima, Mboko, hata Baraka, popote penye mtandao, au rezo kama tusemavyo hapa. Mtaona mama mzee ameketi mbele ya nyumba, simu ya kioo mkononi. Ndani ya kioo mna uso wa mwanawe aliye Marekani, au Kanada, au Australia. Ni jambo la ajabu kweli. Wazee wetu wa zamani wasingelisadiki. Lakini simameni kidogo, msikilize maneno yanayosemwa.

“Hujambo, mama?” “Sijambo, lakini miguu.” “Pole.” “Tena paa linavuja. Na mtoto wa dada yako amefukuzwa shuleni, hajalipiwa.” “Mwezi huu ni mgumu, mama.” “Basi, hata dola 20.” Kisha, mwisho kabisa, mega zikiwa karibu kwisha, baba anamvuta mtoto wake: “Njoo umsalimu nyanya.” Mtoto anapunga mkono. Nyanya anapunga mkono. Mtoto anakimbia. Kioo kinazimika. Basi, yamekwisha, mpaka shida nyingine itakapokuja.

Nasema wazi: hayo si mazungumzo ya jamaa. Ni ombi la fedha lenye picha. Na tukiendelea hivyo, baada ya miaka 20 hatutakuwa na wajukuu ng'ambo. Tutakuwa na wageni wanaofanana nasi kwa sura tu.

TULITAWANYWA NA VITA

Kwanza tukumbuke jinsi tulivyofika hapa. Wengi wa watoto wetu hawakuondoka kwa tamaa ya kuona dunia. Walikimbia. Mwaka 1964, wakati wa uasi, watu wa pwani hii waliingia mitumbwini na kuvuka ziwa kwenda Kigoma, na wengine Burundi. Oktoba 1996 vita vilishuka tena juu ya Uvira, na mwaka huo huo ikafunguliwa kambi ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma, kwa ajili ya watu wetu waliovuka maji. Agosti 1998 vita vikaanza upya. Watoto walizaliwa katika kambi ile, wakakua, wakaoa, wakazaa watoto wao humo humo. Kisha wengi walichukuliwa kutoka kambini wakapelekwa Marekani na nchi nyingine za mbali kuanza maisha mapya. Hivyo mama aliyebaki Uvira ana wajukuu ambao hajawashika hata mara moja.

Wala mambo hayo hayajakwisha. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi, na wengi waliokuwa wakingojea zamu yao wakabaki kambini, huku ndugu zao wamekwisha kwenda. Februari 2025, mji wa Bukavu ulipotekwa, watu wetu walivuka Ruzizi kwa maelfu kuingia Burundi. Desemba 2025 vita viliufikia mji wenyewe wa Uvira, na watu wakakimbia tena. Familia moja yaweza leo kuwa na babu Uvira, shangazi Burundi, mjomba Nyarugusu, na watoto Marekani. Hakuna meza itakayowakusanya wote. Kuna kioo kile kidogo tu.

Tena wazee wakumbuke zamani kidogo tu, kabla simu hazijaenea. Wakati wa vita vya miaka ya 1990 palikuwa na ujumbe wa Msalaba Mwekundu. Ulikuwa karatasi moja, yenye habari za jamaa tu: nani yu hai, nani amekufa, nani amezaliwa. Karatasi ilikwenda wazi bila kufungwa, na waliokabidhiwa kazi hiyo waliitafuta nyumba kwa nyumba na kambi kwa kambi. Watu waliilia karatasi ile. Waliitunza kati ya nguo safi. Kwa nini? Kwa sababu waliijua thamani ya neno moja kutoka kwa mtu wa damu yako.

Leo hatupewi karatasi. Tunapewa uso na sauti, papo hapo. Nasi tunafanya nini na neema hiyo? Tunahesabu mabati!

“MKONO MTUPU HAULAMBWI”

Najua mtakavyonijibu. Mtasema: “Wewe unaandika tu. Tumbo lina njaa. Nani atatulisha? Mkono mtupu haulambwi. Mtu asiyetoa kitu hapendwi, na sisi hatuna kitu. Wao ndio wenye kitu.”

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba mtoto asimsaidie mzazi wake. Amri ya Mungu inamwagiza amheshimu, na heshima bila chakula ni maneno matupu. Mwana aliye ng'ambo anayemsahau mama yake katika ugonjwa ana deni kubwa mbele ya Mungu. Lakini naye ana mzigo. Wengi wa watoto wetu huko hufanya kazi usiku katika maghala na viwanda vya nyama. Hulala mchana, hulipa kodi ya nyumba kila mwezi, na mwisho wa mwezi mfuko hauna kitu. Anapoona jina la mama yake likiwaka katika simu, moyo wake wasema: “Ni nini tena?” Huyo ni mama yake, jamani! Tumefanya nini hata jina la mama likawa tisho?

Basi, mambo ya fedha yazungumzwe. Lakini yazungumzwe siku yake, na mtu mzima, kwa ujumbe wake. Yasiingizwe katika saa ya mjukuu. Mjukuu akisikia kila mara kwamba nyanya analia fedha, atajifunza jambo moja tu juu yetu: kwamba Uvira ni mahali pa watu wanaoomba. Mtoto wa miaka 7 hajui vita vya 1996. Hajui kwamba nyanya yule alipita njia ya Fizi kwa miguu, na baba yake mgongoni. Ajua tu kwamba kila nyanya akionekana, baba hukunja uso.

Na ile methali? Ni ya kweli. Mkono mtupu haulambwi. Lakini nani aliwaambia, enyi wazee, kwamba mkono wenu ni mtupu?

Hesabuni mlivyo navyo. Mna lugha. Mna majina: mnajua jina la baba wa babu yenu, na kijiji alichotoka, na sababu ya kutoka. Mnajua kwa nini mtoto yule aliitwa jina lile. Mnajua hadithi za kando ya moto ambazo hakuna shule ya Chicago inayozifundisha. Mnajua jinsi ndagala wanavyovuliwa usiku kwa taa, na jinsi ziwa linavyobadilika rangi kabla ya upepo. Mnajua sala mlizowafundisha wana wenu gizani, bunduki zikilia nje. Mna utani pia. Kwetu babu humwita mjukuu wa kike “bibi yangu”, na nyanya humwita wa kiume “bwana yangu”, wakacheka pamoja. Baba na mama hawawezi utani huo. Ni mali ya wazee peke yao.

Vitu hivi haviuzwi dukani, si Marekani wala Ulaya. Baba wa mtoto akiwa na dola 1,000 mfukoni, hawezi kuvinunua. Sasa nani tajiri na nani maskini? Mzee anaye kapu limejaa, naye anashika simu kwa mkono mmoja na kunyosha mkono wa pili kuomba, kana kwamba hana kitu! Hilo ndilo linaloniuma.

Mtakatifu Paulo, alipomwandikia kijana wake Timoteo, aliisifu imani yake. Akasema ilitoka wapi? Hakutaja shule. Alitaja nyanya yake Loisi, kisha mama yake Eunike. Nyanya anatajwa kwanza! Angalieni mpango huo: imani ilishuka kutoka kwa mzee hata kwa kijana, kama maji yanavyoshuka kutoka milima ya Itombwe hata ziwani. Yakizibwa juu, bonde linakauka.

NINYI WAZAZI MLIO NG'AMBO

Sasa nawageukia ninyi mlio mbali, maana najua magazeti haya nayo husafiri katika simu.

Mnasema: “Watoto wetu hawajui Kiswahili. Wakizungumza na nyanya hawaelewani.” Nauliza: ni nani aliyewanyima? Mtoto hakuja duniani na Kiingereza mdomoni. Mlifika huko, mkaogopa asishindwe shuleni, mkafunga mlango wa lugha yenu nyumbani. Hofu hiyo naielewa, lakini haina msingi. Watoto wa Uvira hujua Kivira, au Kifuliru, au Kibembe nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kifaransa shuleni, wala vichwa vyao havipasuki. Wa kwenu je, wameumbwa kwa udongo mwingine? Kiingereza atakipata tu, shule itampa, rafiki watampa, televisheni itampa. Lakini lugha ya nyanya hakuna atakayempa isipokuwa ninyi na nyanya mwenyewe.

Tena fikirini matunda yake. Mtoto akikosa lugha, kila neno kati yake na nyanya lazima lipite katika kinywa chenu. Ninyi mnakuwa wakalimani. Na mkalimani aliyechoka hufupisha. Nyanya anasema maneno 50, ninyi mnasema: “She says hello.” Ndivyo maneno 50 ya mama yenu yanavyofia katika vinywa vyenu.

Mnasema tena: “Hatuna nafasi, saa hazilingani.” Saa zinahesabika. Saa 12 jioni ya Uvira ni saa 4 asubuhi kule Chicago wakati wa baridi, na saa 5 asubuhi wakati wa joto. Saa 4 asubuhi ya Uvira ni saa 12 jioni au saa 1 usiku kule Sydney, kwa kadiri ya majira. Jumamosi moja, dakika 15. Mtoto wenu hukaa mbele ya kioo saa ngapi kwa siku kutazama katuni na michezo? Nyanya anaomba robo saa tu kwa juma, ninyi mnasema hakuna nafasi. Semeni kweli: nafasi ipo, nia haipo.

Na msimpeleke mtoto kwa nyanya mwishoni, kama chumvi juu ya chakula kilichokwisha liwa. Aanze yeye. Mpeni simu, ninyi mtoke chumbani. Mtoto akiwa na baba yake pembeni anayemnong'oneza la kusema, hazungumzi na nyanya, anafanya mtihani.

NA NINYI VIJANA WA HAPA

Msicheke, zamu yenu imefika. Wazee wengi hawajui kuwasha simu. Hutegemea mjukuu wa hapa, au mtoto wa jirani. Na wengine wenu mmefanya biashara ya upofu wao. Mega zimetumwa na watoto walio ng'ambo kwa ajili ya nyanya. Mnazila kwa kutazama mpira na kuchekesha rafiki. Nyanya akiuliza, mnasema: “Rezo haipo.” Rezo ipo! Mega ndizo hazipo, ninyi mmezila. Au mnashika simu mbele ya uso wa mzee kwa haraka, mnasukuma: “Sema upesi, nyanya, nina safari.” Mzee amengoja siku saba kwa ajili ya dakika tano, nanyi mnamhesabia!

Kumwibia mzee mega ni kumwibia mjukuu wake. Mpeleke kuungama kama wizi mwingine wowote.

“FIMBO YA MBALI HAIUI NYOKA”

Wapo wanaonipinga kwa njia nyingine. Hao ni watu wenye busara, na neno lao lafaa lisikilizwe. Wasema: “Kioo si mtu. Nyanya hawezi kumbeba mtoto kwa kioo, wala kumpaka mafuta, wala kumpa ugali na sombe. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Afadhali tuache kujidanganya.”

Ni kweli, kioo hakikumbati. Hata Mtume Yohane, katika barua yake fupi ya pili, asema kwamba anayo mengi ya kuandika, lakini hapendi kuyamaliza kwa karatasi na wino. Atumaini kuja na kusema nao ana kwa ana. Lakini angalieni alivyofanya: barua aliiandika! Hakusema, “Kwa kuwa siwezi kuja, nitanyamaza.” Alitumia alichokuwa nacho, akitamani kilicho bora zaidi.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Asiyeweza kuvuka bahari asikatae kusema juu ya bahari. Na tukumbuke kwamba ng'ambo mtoto hukaa na vioo mchana kutwa, na watu asiowajua humwambia ndani ya vioo hivyo namna ya kuvaa, na namna ya kusema, na nini cha kutamani. Ikiwa fimbo ya mbali haiui nyoka, mbona fimbo zao za mbali zinawapiga watoto wetu vizuri sana? Wote wanasema na mjukuu wako kila siku, isipokuwa wewe!

TUSIPITISHE SUMU

Hapa lazima niseme neno zito zaidi. Simu inayopitisha upendo hupitisha sumu pia. Katika miaka hii ya vita, ujumbe wa sauti umejaa nchini. Mtu asiyejulikana anapiga kelele: kabila fulani ni nyoka, kabila fulani watoke, fulani waliuawa jana na fulani ndio waliofanya. Nani aliyehakikisha? Hakuna. Lakini mzee anapokea, analia, na kesho yake anautuma kwa wanawe ng'ambo. Nao wanausikiliza mezani, na mtoto amekaa pale akila. Hivyo mtoto ambaye hajaona Uvira, asiyejua hata ziwa liko upande gani, anarithi adui kabla hajarithi rafiki.

Enyi wazee, je, hiyo ndiyo mali yenu? Nyanya Mfuliru, nyanya Mvira, nyanya Mbembe, nyanya Mnyamulenge, nyanya Mrundi, wote wanangoja sauti ya mjukuu katika kioo cha namna moja. Wote walikimbia kwa zamu zao. Wote wana makaburi waliyoyaacha bila msalaba. Waambieni wajukuu kweli ya vita, ndiyo, wanapokuwa watu wazima wa kuisikia. Lakini waambieni pia juu ya jirani wa kabila lingine aliyewaficha, au aliyewapa mtumbwi, au aliyewapa chumvi njiani. Mtu kama huyo yumo katika hadithi za jamaa nyingi za pwani hii. Mbona hakuna ujumbe wa sauti juu yake?

BASI TUFANYE NINI?

Kulaumu ni rahisi, kwa hiyo nasema pia dawa, nayo si ghali.

Kwanza, wekeni siku na saa, kama siku ya Misa inavyojulikana. Mtoto asiyejua saa hawezi kungoja, na asiyengoja hafurahi. Mega zikiwa chache, acheni picha, tumieni sauti, maana picha hula mega mara nyingi kuliko sauti. Ujumbe wa sauti una faida nyingine: husubiri. Nyanya aweza kusema saa ambayo rezo ni mbaya, na ujumbe ukaondoka wenyewe rezo ikirudi. Na mtoto aweza kuusikiliza mara tatu kabla ya kulala, na mara kumi nyanya akiwa hayupo tena duniani.

Pili, kila mara toeni kitu kimoja kidogo. Si hotuba. Jina moja la mzee wa kale na habari yake. Kitendawili kimoja, jibu litolewe juma lijalo. Sala moja fupi. Neno moja la lugha ya nyumbani: juma hili “jiko”, juma lijalo “kasia”. Muulizeni mtoto naye akufundisheni lake. Mtoto hupenda sana kumfundisha mkubwa.

Tatu, msitegemee simu peke yake. Mwisho wa mwaka 2018, baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti nchini Kongo kwa siku karibu 20. Vita huangusha mitambo, na gharika huchukua nyumba, kama mto Mulongwe ulivyofanya Aprili 2020. Andikeni daftari: majina ya ukoo, vijiji, tarehe za ubatizo na za ndoa. Kurasa zake zipigwe picha na kutumwa ng'ambo. Daftari likipotea huku, litabaki kule.

Nne, jihadharini na wezi. Atakayepiga simu akilia, “Mimi mjukuu wako, nimefungwa, tuma fedha sasa hivi”, asisadikiwe kwa sauti tu. Siku hizi mashine zaweza kuiga sauti ya mtu. Jamaa iwe na neno lake la siri, ambalo babu na mjukuu wanalijua. Asiyelijua, kateni simu, kisha mpigieni mzazi wake kwa namba ya zamani.

Tano, na hili nalisema kwa parokia zetu. Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliweka mwaka 2021 Siku ya Mababu na Wazee kwa Kanisa lote, Jumapili ya nne ya Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Siku chache baadaye, tarehe 1 Agosti, Kongo yote huadhimisha siku ya wazazi: asubuhi tunakwenda kusafisha makaburi, kisha tunawafurahia wazazi walio hai. Tazameni jinsi siku hizi mbili zinavyokaribiana! Na majira hayo watoto wa Marekani wapo likizoni. Kila shirika letu, yaani kila jumuiya ndogo ya wakristu, lichague vijana wawili waaminifu. Wawasaidie wazee wasio na simu, au wasiojua kuitumia. Waende nao makaburini tarehe 1 Agosti, wamwonyeshe mjukuu kaburi la babu wa baba yake, na nyanya aseme jina lake kwa sauti. Mtoto mmoja aliyeona kaburi lile hatasema tena kwamba hajui ametoka wapi. Itagharimu nini? Mega chache na uaminifu wa kijana mmoja.

NENO LA MWISHO

Mtu atasema: “Mambo haya ni madogo. Kuna vita, kuna kipindupindu, kuna njaa, wewe unasema juu ya simu na vitendawili.” Hasha! Vita vilitaka nini kama si hili hasa, kututenga hata tusijuane? Adui aliyechoma nyumba alichukua mabati na milango. Lakini hakuweza kuuchukua ukoo. Ukoo hupotea pale tunapouacha wenyewe, kwa uvivu, dakika tano baada ya dakika tano, mkono ukipungwa na kioo kikizimika. Nyumba iliyochomwa hujengwa tena kwa matofali. Mjukuu aliyekua bila kujua jina la nyanya yake, mtamjenga tena kwa nini?

Basi, mama mzee wa Kasenga, na wewe babu wa Kiliba na wa Sange, Jumamosi ijayo simu ikilia, usianze na paa. Paa litangoja hata Jumatatu. Mwite mtoto kwa jina lake, lile jina ulilomchagulia wewe. Mwambie limetoka kwa nani. Kisha mcheke pamoja.

Shime, wazee wetu! Kapu limejaa. Gawanyeni kungali mchana.